Mtu Aliyechuma Asichokijua

2 Wafalme 4:38–41



Habari hii ni fupi, na wasomaji wengi huipita upesi. Kabla yake yuko mtoto wa mwanamke Mshunami, aliyefufuliwa. Baada yake iko mikate ishirini iliyowashibisha watu mia, kisha Naamani na ukoma wake. Katikati ya mambo makuu hayo pana chungu cha mboga tu. Palikuwa na njaa katika nchi. Elisha alikuwa Gilgali, na wana wa manabii walikuwa wameketi mbele yake. Akaagiza chungu kikubwa kitelekwe. Mtu mmoja, ambaye jina lake halikuandikwa, akatoka kwenda kondeni kutafuta mboga. Akaona mmea wa mwitu utambaao chini, akachuma matunda yake hata nguo yake ikajaa, akarudi, akayakatakata, akayatia chunguni. Hapakuwa na hata mmoja aliyeyajua. Walipoanza kula, wakapiga kelele kwamba chunguni mna mauti.

Wengi waliochunguza mimea ya nchi ile hudhani kwamba matunda yale yalikuwa ya mmea uitwao kwa Kilatini Citrullus colocynthis, ambao ni ndugu wa karibu wa tikiti maji. Shina lake hutambaa kama la tikiti, jani lake limekatika katika kama la tikiti, na tunda lake ni la mviringo lenye michirizi kama tikiti changa. Lakini nyama ya tunda ni chungu mno, nayo huharisha vibaya, hata imewahi kuua watu. Basi mtu yule hakuwa mpumbavu. Aliona kitu kilichofanana na chakula alichokijua tangu utoto wake, na kule kufanana ndiko kulikomdanganya.

Tena tazameni moyo wake. Hakutoka kwa hila. Hakuwa mvivu, maana alijaza nguo yake. Aliwapenda wenzake, akawahangaikia wenye njaa. Hata hivyo upendo wake haukuigeuza sumu kuwa chakula. Sisi Wakristo twapenda kusema kwamba Mungu aangalia nia, na ni kweli, aiangalia. Lakini tumbo la mwenzako haliangalii nia yako.

Naandika neno hili kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa mtu yule.

Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara katika usharika mmoja ulio chini ya mlima Meru, upande ule mkavu panapoanzia malisho ya ng'ombe. Walipomaliza mtihani wao nikawachukua kutembea mlimani. Naliwaahidi kwamba nitawaonyesha miti na kuwatajia majina yake, maana nalikuwa nimepata kitabu cha miti, nacho kilikuwa mkobani mwangu siku ile. Nakiri kwamba nalijivuna kidogo kwa ajili ya kitabu hicho. Saa sita ilipopita watoto wakaona njaa. Pale kando ya njia palikuwa na kichaka kikubwa, majani yake yang'aa, matunda yake meusi yenye wekundu wa zambarau, yameiva vizuri. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, huu si olamuriaki?"

Olamuriaki ndilo jina la Wamaasai na Waarusha kwa kichaka ambacho Wakikuyu hukiita mukawa, na wataalamu hukiita Carissa. Tunda lake ni tamu, na kila mchunga mbuzi wa nchi zile amelila. Nikatazama. Nalijua kwamba majani ya olamuriaki hukaa mawili mawili, moja likilielekea jenzake katika kijiti. Na haya yalikaa hivyo. Nalijua kwamba ukivunja jani lake hutoka utomvu mweupe kama maziwa, nikavunja, ukatoka. Nalijua kwamba tunda lake huwa jekundu, kisha huwa jeusi. Na haya yalikuwa hivyo. Ishara tatu, zote za kweli. Nikasema, "Ndiyo. Chumeni."

Kwa njia ile alikuwa anashuka bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni, mtu asiye wa usharika wetu. Aliutupa mzigo wake chini, akaja mbio kuliko umri wake ulivyoruhusu, akamshika mkono msichana mmoja aliyekuwa amekwisha kuliinua tunda kinywani. Kisha akanigeukia mimi. Hakunitukana. Akauliza tu, "Mwanangu, miiba yake iko wapi?"

Nikatazama tena. Hapakuwa na mwiba hata mmoja.

Kile kichaka kilikuwa msunguti, ambao Wamaasai huuita olmorijoi, na kwa Kilatini Acokanthera. Ni jamaa ya olamuriaki, wa ukoo mmoja, kama vile Esau na Yakobo walivyotoka tumbo moja. Majani yao hukaa mawili mawili wote wawili. Utomvu wao ni mweupe wote wawili. Maua yao ni meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, na matunda yao huwa meusi. Lakini magome na mizizi ya msunguti, ikichemshwa muda mrefu hata maji yakawa mazito kama lami, ndiyo sumu ambayo wawindaji wa nchi zetu walipaka mishale yao tangu zamani. Sumu hiyo huushika moyo na kuusimamisha. (Yuko panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, na mwaka 1ule wa 2011 wataalamu walitangaza kwamba yeye hutafuna gome la mti huo na kuyapaka mate yake katika manyoya ya ubavuni, ili mbwa akimng'ata ajute. Panya ameujua mti ambao mwalimu hakuujua.) Olamuriaki ana miiba mirefu, migumu, mara nyingine yenye panda, msunguti hana.

Usiku ule, watoto walipokwisha kurudi kwao salama, nikawasha taa nikafungua kitabu changu. Nikatafuta ukoo wa miti ile. Na palikuwapo, katika maneno ya kwanza kabisa, swali lile lile la bibi: je, mmea una miiba au hauna? Nalikichukua kitabu mchana kutwa mgongoni, wala sikukifungua. Nalijiona najua.

Basi, nataka niseme kidogo jinsi vitabu hivi vinavyotumika, maana wengi wenu mwaweza kuvipata, wala si vigumu kama watu wanavyodhani. Kiko kitabu cha Henk Beentje cha miti na vichaka vya Kenya, kilichotolewa Nairobi mwaka 1994. Kiko cha L. P. Mbuya na wenzake cha miti yenye manufaa ya Tanzania, cha mwaka ule ule, chenye majina ya lugha zetu nyingi. Na nyuma ya vitabu kama hivyo ipo kazi kubwa iliyotolewa sehemu kwa sehemu tangu mwaka 1952 hata 2012, yaani miaka sitini, kuieleza mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania. Aina zilizoandikwa humo zapita 12,000. Walioianza wengi wao hawakuiona ikimalizika.

Ndani ya vitabu vingi vya namna hii mna kitu kiitwacho ufunguo. Si zile Funguo za Katekisimo, lakini nao hufungua na kufunga. Ufunguo hukuwekea maneno mawili mawili yanayopingana. Majani yamekaa mawili mawili yakielekeana, au yamepishana kijitini? Kila jani ni moja zima, au limegawanyika kuwa vijani vingi? Ukingo wake ni laini, au una meno? Ukilivunja, hutoka utomvu au hautoki? Wachagua moja, na hilo lakupeleka kwenye maneno mawili mengine, hata ufike kwenye jina. Mfaransa mmoja, Lamarck, ndiye aliyeieneza njia hii kwa kitabu chake cha mimea ya Ufaransa cha mwaka 1778, akitaka hata mtu asiye na mwalimu aweze kuujua mmea.

Njia hii ina ukali wake. Ukijibu vibaya swali la tatu, maswali yote yafuatayo yatakuitikia kwa upole, nawe utaendelea mbele ukifurahi, na mwisho utafika kwenye jina. Nalo litakuwa jina la mti mwingine. Kitabu hakipigi kelele. Kwa hiyo ukifika kwenye jina, kazi haijaisha. Lazima usome maelezo yote ya mti ule, neno kwa neno, na kuyalinganisha na tawi ulilolishika: urefu wa jani, kikonyo chake, gome, mahali unapoota, kimo cha nchi. Neno moja likikataa, usiseme, "Si kitu, mengine yote yamekubali." Rudi nyuma hata pale uliposita. Na mahali usipoweza kuchagua, fuata njia zote mbili uone ipi itakukataa.

Tena usitazame jani moja. Machipukizi ya kisiki yana majani makubwa kuliko ya mti mzima, na katika kivuli jani hupanuka. Hata olamuriaki mwenyewe, ukilishika tawi changa, waweza usione mwiba. Zunguka kichaka chote. Chukua karatasi, andika siku na mahali, uweke tawi dogo kati ya magazeti chini ya jiwe likauke, ili ajuaye kuliko wewe aweze kulitazama baadaye.

Lakini jaribu kubwa ni picha. Tukipata kitabu chenye picha, hatutaki ufunguo, twapindua kurasa hata tuone kitu kinachofanana, kisha twasema, "Huu ndio." Siku hizi wako wanaolipiga picha jani kwa simu, na simu hutaja jina mara moja, nayo yasaidia, sikatai, ila ni mwanzo wa kuuliza, si mwisho. Yule mtu wa Gilgali naye alikuwa na picha moyoni mwake, picha ya tikiti la nyumbani, akachuma kwa kuifuata.

Hapa nakumbuka jambo linalotuhusu sisi Walutheri. Siku za Matengenezo ya Kanisa, watu wa Ulaya walikuwa na vitabu vya mimea vilivyonakiliwa mara nyingi hata picha zake hazikufanana tena na mti wowote ulioumbwa na Mungu. Waganga walisoma wazee wa kale, wala hawakutoka nje kutazama. Katika wakati huo huo walitokea watu waliotoka nje. Mmoja alikuwa Hieronymus Bock, mhubiri wa Kilutheri katika mji mdogo wa Hornbach. Mwaka 1539, miaka mitano baada ya Biblia nzima ya Luther kupigwa chapa, alitoa kitabu chake cha mimea, nacho kwa Kijerumani, lugha ya watu wa nyumbani. Toleo lile la kwanza halikuwa na picha hata moja. Ilimpasa basi kuueleza kila mmea kwa maneno, jinsi alivyouona mwenyewe kwa macho yake, mizizi, shina, ua na mbegu, ili msomaji aujue kwa kusoma tu. Mimi naona kukosa picha kule kulimfaa kuliko hasara. Na Leonhart Fuchs wa Tübingen, aliyetoa kitabu chake chenye picha nzuri mwaka 1542, naye alikuwa wa upande wa Matengenezo. Hata Linnaeus, aliyetoa mwaka 1753 kitabu ambacho majina mawili mawili ya Kilatini yameshikamana nacho mpaka leo, alikuwa mtoto wa mchungaji wa kijijini katika Uswidi. Na jina la ukoo wao lenyewe baba yake alilitwaa kutoka kwa mti mkubwa uliokuwa kwao.

Watu hawa hawakuona kwamba kulitazama jani kwa bidii ni kuliacha Neno. Aliyewafundisha kuacha masimulizi na kurudi kwenye Maandiko yenyewe, aliwapa pia ujasiri wa kuacha masimulizi na kurudi kwenye mti wenyewe. Na Maandiko yasema juu ya Sulemani kwamba hekima yake ilifika kwenye miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hata hisopo iotayo ukutani. Kabla yake Adamu aliletewa wanyama ili awape majina. Mungu alingoja aone atawaitaje. Jina si kitu kidogo.

Lakini majina nayo hudanganya. P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani katika Usambara, alikusanya majina ya Kiswahili ya mimea, na kitabu chake cha mwaka 1940 chamwonyesha msomaji kwamba jina moja laweza kuchukuliwa na miti miwili au mitatu. Chukueni mwarobaini. Wengi wetu tunao uani. Lakini iko miti miwili ambayo watu huiita kwa jina hilo. Mmoja una vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, na maua meupe. Mwingine, uitwao Melia azedarach, kikonyo chake kimegawanyika tena kuwa vikonyo vidogo, na vijani vimekaa juu ya hivyo, na maua yake yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda yake ni sumu kwa watu na kwa nguruwe. Mtu akikuambia, "Mama, mchemshie mtoto mwarobaini," amekutajia jina, bado hajakutajia mti.

Hapo, walimu wapenzi, ndipo palipo mzigo wetu. Wale watoto hawakuchuma kwa sababu waliujua mti. Walichuma kwa sababu mwalimu alisema. Msichana yule alilipeleka tunda kinywani kwa imani, na imani yake ilikuwa njema. Mtu aliyeaminiwa ndiye aliyekuwa na kosa. Mtume Yakobo aonya kwamba wasiwe walimu wengi, kwa maana sisi tutahukumiwa kwa ukali zaidi. Twaulizwa mambo mengi vijijini: dawa gani, mti gani, fundisho hili jipya lililoletwa na mgeni latoka kwa Mungu au halitoki. Na kila mara ulimi wataka kusema, "Ndiyo, naujua," kabla jicho halijatafuta miiba. Mara ngapi umesikia mwalimu akijibu mbele ya watu, "Sijui, ngojeni nitazame"? Mimi nimesikia mara chache, na mara chache zaidi nimelisema mwenyewe.

Bwana wetu alisema tutawatambua manabii wa uongo kwa matunda yao. Twalipenda sana neno hilo, na twalitumia upesi, tena mara nyingi juu ya jirani kuliko juu ya nabii. Lakini mtu aliyezoea kitabu cha miti ajua kwamba tunda halipatikani kila mwezi. Ukiufikia mti wakati wa kiangazi, hauna ua wala tunda, na ufunguo wakuuliza habari ya tunda, huwezi kujibu. Kazi yako ni kuandika mahali na kurudi wakati wake. Na yule Bwana aliyesema habari za matunda ndiye aliyesimulia pia habari za magugu kati ya ngano. Gugu lile, kama wengi wanavyolifahamu, lilikuwa Lolium temulentum, ambalo likiwa changa huwezi kulitofautisha na ngano, hata masuke yatokeapo. Watumishi walitaka kwenda kung'oa mara moja. Mwenye shamba akawakataza, asije mtu akang'oa ngano pamoja nalo. Basi mafundisho tuyapime kwa bidii, mstari kwa mstari, maana huingia chunguni na watu huyala. Lakini mtu, hata akionekana hana mwiba wala tunda, sijapewa ruhusa ya kufunga kitabu juu yake na kuandika jina.

Narudi Gilgali. Elisha alisikia kelele zile. Hakuuliza kwanza, "Ni nani aliyeyaleta?" Aliomba unga, akautia chunguni, akaamuru watu wapakuliwe wale, wala hapakuwa na kitu kibaya tena chunguni. Unga wenyewe hauondoi sumu. Mungu ndiye aliyeiondoa. Wala hatusomi mahali po pote kwamba mtu yule alikemewa, au alifukuzwa, au alinyimwa sehemu yake. Nadhani naye alipewa bakuli, akala pamoja nao chakula alichokuwa amekiharibu.

Nasema hivyo kwa sababu ya yule bibi. Aliponiona nimesimama nimeduwaa, akawakusanya watoto, akawaambia wayatupe yote waliyokuwa nayo na kufuta mikono yao majanini. Kisha akatuongoza kama mwendo wa dakika kumi kushuka bondeni, akiuacha mzigo wake njiani, mpaka kwenye kichaka kingine. Akakishika kijiti kimoja kwa vidole viwili, taratibu, akanionyesha miiba. "Gusa," akaniambia. Nikagusa, ukanichoma. Ndipo akawaita watoto waje wachume, nao wakala hata vinywa na vidole vyao vikawa vyeusi, nami alinichumia mwenyewe, akanitilia mkononi.